Wanajua kabla hujawaambia

Kuanzia saa kumi na moja jioni saiba yangu, duka la kompyuta na fotokopi, hapa Mikindani, Mombasa, hujaa wanafunzi wasiokuwa na kitu cha kuchapisha. Wanaingia na sare zao, mabegi mgongoni, "Anti, mambo," kisha wanajipanga kwenye benchi refu lililo chini ya feni. Mmoja atatoa fotokopi ya ukurasa mmoja, alipe shilingi zake tano, na kwa hizo tano akae saa nzima. Wengine hata tano hawana na wanakaa vilevile. Siwafukuzi. Feni inazunguka wakiwepo wasiwepo.

Si waifai wanayoifuata, maana wengi wao hawana simu. Wanangoja. Wanangoja baba aingie, avue viatu, ale, anyamaze au afoke, amalize, ndipo na wao waende. Kijana mmoja aliwahi kuniambia bila kupindisha: "Nikienda saa hii nitamkuta ndio anafika." Kisha akarudi kutazama mchezo kwenye simu ya mwenzake. Wala hakuona kwamba amesema neno kubwa.

Kiti changu ni cha ajabu kidogo, kwa sababu asubuhi ninao wazazi na jioni ninao watoto. Wazazi wanakuja kwa CV, ritani za kodi za KRA, cheti cha maadili mema cha polisi, barua za kuomba kazi. Watoto wanakuja na kazi za shule. Wote hukaa kwenye plastiki ileile kando yangu, na kila upande unaamini upande wa pili haujui kitu.

Asubuhi moja mwaka jana alikuja baba mmoja, dereva wa trela, mtu wa makamo, shati la kazi limepigwa pasi. Alitaka CV. Alikuwa akiongea chini chini huku akitazama mlango. Tulipofika kwenye kazi ya sasa nikamuuliza aliacha lini. Akasema, "Mwanangu, hapo usiandike kitu. Pawe wazi tu." Nikapaacha wazi. Tulipomaliza akauliza kama faili itabaki kwenye kompyuta, maana kijana wake huja hapa jioni. Nikaihifadhi kwa jina la "Makadirio ya mabati". Akacheka kidogo, akalipa, akashika njia ya stejini kwa haraka, kama mtu anayewahi kazini.

Jioni kijana akaja. Kidato cha tatu, mrefu, mpole, hesabu anaziweza. Hakuniuliza kama baba alipita. Alisema tu, "Anti, baba siku hizi hachukui flaski."

Baba yake, miaka yote, hakuondoka bila flaski ya chai ya tangawizi, ya kunywa akiwa kwenye foleni ya malori. Sasa alikuwa anaamka alfajiri kama kawaida, anavaa shati la kazi, anaaga, anatoka mikono mitupu. Dereva asiye na gari atainywea wapi chai ya flaski? Flaski ilikaa juu ya kabati, nyumba nzima ikiiona, na hakuna aliyeitaja. Ndiyo kufa na tai shingoni kwenyewe.

Kwamba kijana alijua, hilo halikunishangaza. Kilichoniuma ni hadithi aliyojitungia. Alikuwa ameshaamua kwamba baba yake amefukuzwa kwa kuuza mafuta ya gari. Mbona mafuta? Kwa sababu hilo ndilo kosa la madereva linalosemwa barazani, na kwa sababu, kwa akili yake, jambo lisilo na aibu halifichwi. Basi akawa anakwenda shule akiwa mtoto wa mwizi, peke yake, ndani ya kichwa chake. Chakula cha mchana shuleni aliacha, akidai hakipendi. Pesa za ziara ya jiografia hakuomba. Hesabu zikashuka. Mwalimu akamwita mvivu. Na ukweli ulikuwa mwepesi kuliko yote hayo: tajiri alipunguza magari, na madereva wa magari hayo wakapunguzwa nayo.

Mtu asiyekaa upande huu wa Mombasa huenda asielewe kwa nini jambo kama hili si la nyumba moja. Changamwe, Miritini, Jomvu, Mikindani, Magongo: huku tunaishi kwa kontena. Kama huliendeshi unaliosha, unalipakua, unaliandikia karatasi, au unampikia anayelipakua. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ilipoanza kazi Januari 2018, na zaidi ilipotoka ile amri ya Agosti 2019 kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli, watu waliandamana mjini humu. Yadi za kuhifadhia kontena zilipunguza watu, malori yakaegeshwa, vibanda vya chakula kando ya barabara vikakosa wa kuwauzia. Mahakama Kuu hapa Mombasa iliikataa amri ile Novemba 2020, na Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha kwenye bandari ya Mombasa shughuli za kutoa mizigo zilizokuwa zimehamishiwa bara. Katikati ya hapo ikaingia korona: Machi 2020 shule zikafungwa na ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli za ufuoni zikabaki na walinzi tu. Sasa piga hesabu. Kijana anayekaa kwenye benchi langu leo na miaka kumi na sita alikuwa shule ya msingi wakati huo. Utoto wake wote ameupitisha kwenye nyumba ambamo swali la "kazi ipo?" halikuwahi kupata jibu la moja kwa moja.

Nasi wakubwa wa mji huu tunapenda kuwazungumzia vijana pale tu wanapofikia unga wa kulevya au mapanga. Hapo baraza litaitwa, mwenyekiti wa mtaa atapewa kipaza sauti, kila mtu atasema vijana wameharibika. Wale wa benchi langu hawaitishiwi baraza. Hawajaharibika. Wanaumwa tumbo Jumapili usiku. Wanalala darasani. Wanaulizwa "una nini?" wanajibu "sina kitu," na mwalimu anapita.

Mchana saiba huwa kimya, na mimi husoma. Kuna mtafiti wa Marekani, Rena Repetti, ambaye mwaka 1989 alichapisha utafiti kuhusu wale wanaoongoza ndege kutoka uwanjani. Nilipenda alivyoifanya kazi yake. Hakuwauliza tu "leo ulichoka?", maana nani atasema hakuchoka? Alichukua kumbukumbu za uwanja wenyewe, ndege zilikuwa nyingi kiasi gani siku ile na hewa ilikuwa safi au ya ukungu, kisha akalinganisha na yaliyotokea nyumbani jioni. Siku nzito watu walirudi wakajitenga. Waliongea kidogo, walitaka kuachwa. Baadaye alipowaangalia kina baba na watoto wao, wadogo kuliko hawa wangu, aliona kitu kingine: siku ambazo mtu alikuwa amekwaruzana na wakubwa wake au wenzake kazini, ndizo zilizoleta hasira na adhabu nyumbani.

Niliposoma hapo niliiacha simu nikawaza mtaa wangu nyumba kwa nyumba. Wallahi ni hivyo hivyo. Kazi nyingi hukufanya bubu, kazi ya kudharauliwa hukufanya mkali. Yule wa zamu ya usiku bandarini, anayefunga na kufungua kontena juu ya meli, akirudi hagombi na mtu. Anakaa kwenye kochi macho kwenye televisheni, na ukiizima hajui kama umeizima. Lakini yule mhudumu wa hoteli aliyetukanwa na supavaiza mbele ya wageni na akalazimika kutabasamu, huyo akifika nyumbani akakuta sufuria haikuoshwa, tusi lote la mchana litashukia kwenye sufuria ile. Binti aliyeiacha sufuria hajui habari ya supavaiza. Anachojua ni kwamba kwa sufuria moja ameitwa hana faida.

Na kijana wa umri ule yuko kwenye zamu mbaya. Mtoto wa miaka mitano akifokewa atalia, baada ya dakika kumi anaomba biskuti. Wa miaka kumi na tano hukaa nalo. Ana akili ya kutosha kuona kwamba kuna jambo, lakini hana la kufanya wala wa kumuuliza.

Kuna mwingine, Ellen Galinsky, wa hukohuko Marekani. Mwaka 1999 alitoa matokeo ya kuwauliza watoto na vijana zaidi ya 1,000: ukipewa kuomba jambo moja tu libadilike katika namna kazi ya mama yako au ya baba yako inavyoyagusa maisha yako, ungeomba nini? Wazazi nao wakaambiwa wakisie. Asilimia 56 ya wazazi walikisia kwamba watoto wataomba muda zaidi wa kuwa pamoja. Watoto walioomba muda zaidi na mama walikuwa asilimia 10. Waliotaka mama apunguze uchovu na mawazo ya kazi walikuwa asilimia 34. Hao ni wa Marekani, najua, wenye mabasi ya shule ya rangi ya njano. Lakini mara nyingi nasikia wazazi hapa wakijilaumu kwa saa, "siko nyumbani, siko nyumbani," wakati kijana kwenye benchi anachokihofia si kutokuwepo kwao. Anahofia mlango utafunguliwa na mtu gani leo.

Mimi mwenyewe nimelelewa na hoteli. Mamangu alikuwa akisafisha vyumba kwenye hoteli moja ya ufuoni Bamburi. Msimu ukiwa mzuri, Desemba mpaka Machi, tulikula samaki na nguo za Idi zilikuja mapema. Mvua za masika zikianza Aprili, wageni wanaondoka, wafanyakazi wanaambiwa wakae nyumbani bila malipo mpaka Julai, na mwingine haitwi tena. Kila mwaka. Mamangu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku aliyopewa habari ile alitukalisha mkekani sote, mimi na ndugu zangu, hata yule mdogo ambaye alikuwa akichezea vidole vyake vya miguu. Akasema: hoteli imefunga, itafungua Julai wakijaliwa. Samaki itakuwa Ijumaa. Ada nimeongea na mwalimu mkuu, tutalipa kidogo kidogo. Nitapika mahamri asubuhi, nyinyi wawili mtayapeleka kwa jirani na kwenye kiosk kabla ya shule. Aliyekuwa na swali aliuliza. Mimi niliuliza habari ya viatu. Akasema viatu hapana.

Sikufurahi, usidhani. Nililia viatu. Lakini nililia viatu, basi. Usiku nililala. Sikuwahi kulala nikijiuliza mama amefanya nini, au tutahamishwa lini, au kosa ni langu. Alinipa jambo lenye ukubwa wake, lenye mwanzo na mwisho, na kazi ya kufanya ya kiasi changu. Mahamri yale niliyachukia, na mpaka leo nikiyaona na mbaazi nayala kwa kinyongo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema mtoto asihusishwe na mambo ya wakubwa. Kuhusishwa ameshahusishwa, anaishi mlemle ndani. Amebakiwa na kujua au kukisia, na kukisia kwake ndiko kulikompa yule dereva sifa ya wizi. Nasi tuna maneno yetu laini ya kufungia mlango. "Tutaona inshallah." Ni neno jema, mimi mwenyewe nalisema mara mia kwa siku, lakini likija peke yake, bila tarehe wala hesabu, kijana hulisikia kama "usiniulize tena."

Sasa, upande wa pili upo, na nisiusahau kwa kumsifu mamangu. Kuna binti wa kidato cha pili, mama yake anashona kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje. Huyo hafichwi kitu. Anajua tageti ya laini ya mama ni vipande vingapi kwa saa, anajua msimamizi anayewanyima ruhusa ya kwenda chooni, anajua mkataba unaisha mwezi gani, anajua deni la kwenye simu limefika wapi na nani anapiga simu kulidai. Usiku mama akirudi na mgongo unamuuma, binti anamkanda kwa mafuta na kusikiliza. Mama hana mtu mwingine, na simlaumu hata kidogo. Lakini binti alinijia siku moja akitaka nimtafutie kwenye intaneti kama mtu wa miaka kumi na tano anaruhusiwa kuajiriwa kushona. Alishapanga. Mama asipopewa mkataba, yeye ataingia badala yake. Kila Jumapili jioni anaumwa tumbo, zahanati wamempa dawa za minyoo mpaka amezichoka.

Kwa hiyo ukweli kumwagwa wote si dawa. Mamangu alitupa habari na mpango, lakini hofu yake alibaki nayo, au aliipeleka kwa dada yake Kisauni, maana siku zile za Aprili alikuwa akienda Kisauni sana. Yule mama wa kiwandani hana Kisauni. Nilimwonyesha binti namba 116, ile ya bure ya kuwasaidia watoto Kenya nzima, nikamwachia simu yangu nikatoka nje kununua viazi karai. Alizungumza muda mrefu. Alichosema ni chake.

Lakini sipendi makala za namna hii zinazomtwika mzazi kila kitu: pumua, tabasamu kabla ya kufungua mlango, acha kazi kazini. Mama anayeishi Likoni na kufanya kazi Nyali anapanda matatu, anavuka feri kwa miguu kwenye ule umati, anapanda matatu nyingine, na jioni anarudia yote. Umwambie apumue wapi? Mlinzi anayesimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, siku saba, anavunjiwa sheria iliyoandikwa. Kiwango cha kawaida ni saa 52 kwa wiki. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa wa mkataba wa mwezi. Nawajua vibarua wa godauni ambao ni "vibarua wa leo" tangu watoto wao wako chekechea. Kila alfajiri wanasimama getini wachaguliwe, na mtoto nyumbani anajua baba kachaguliwa au la kwa saa atakayorudi. Akirudi saa mbili asubuhi, hakuchaguliwa. Shule zinatuletea wasemaji wa afya ya akili, na ni jambo jema, lakini ningependa msemaji mmoja aanzie pale getini.

Naandika barua nyingi za kudai haki siku hizi, kuliko hata CV. Ndivyo yule dereva alivyorudi. Mwenzake alimwambia kuna kifungu cha 40: aliyepunguzwa kazi kwa sababu kazi imepungua anastahili notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Yeye alipewa mshahara wa mwezi ule na kushikwa mkono. Alikuja mchana, tukakaa kuandika, mambo yakawa mengi, mara saa kumi na moja ikatukuta. Kijana akaingia. Wakatazamana. Mimi nikajifanya naishughulikia printa, na printa yangu kwa bahati ina matatizo ya kweli.

Baba akasogeza kiti. "Hebu njoo," akasema, "miaka tisa mara kumi na tano ni ngapi?"

"Mia thelathini na tano."

"Mshahara wa siku utaupataje kutoka kwa wa mwezi?"

Kijana akauliza ugawanywe kwa thelathini au kwa ishirini na sita, na hapo wakabishana kama nusu saa, wakinivuta kila mmoja upande wake. Katikati ya ubishi ule, akiwa ameinama kwenye karatasi, kijana akauliza, "Kwa hiyo walipunguza magari tu?" Baba akasema, "Magari sita. Langu la tatu." Wakaendelea na hesabu.

Barua ilikwenda. Majibu hayajaja, na dereva kwa sasa anashika gari la watu siku mbili tatu kwa wiki akiitwa, la mchanga, upande wa Mariakani. Pesa ni kidogo kuliko zamani. Kijana bado anakuja jioni, lakini sasa anakuja na malalamiko: baba amempa kazi ya kuangalia imeili ya ile kampuni kila siku, kila siku, na yeye ana mtihani. Juzi aliniomba niwe namwangalizia mimi. Nimemwambia ni shilingi ishirini kwa kila mara. Amesema nimezidi.